Mkwe Anayeng'oa Kiduha

Kwa majuma matatu mama mkwe wangu alinisifu mtaa mzima. Alinisifu bombani, alinisifu kanisani, alinisifu kwa muuza dagaa. "Mkwe wangu kasoma, kafanya kazi za ofisini," alikuwa akiwaambia wenzake, "lakini jua halijachomoza utamkuta kainama anang'oa kiduha." Akina mama wa upande wetu wa Kizumbi wakaanza kuniamkia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata, wengine wakikunja goti kidogo. Nilidhani ni mvi.

Sikuwa nang'oa kiduha. Kiduha chenyewe nilikuwa sikijui. Nilikuwa nachimbua maua ya zambarau yaliyojiotea kwenye ukoka wangu, moja moja, kwa kijiko cha kupakulia supu, pamoja na udongo wake, ili niyahamishie kwenye makopo ya rangi niliyoyapanga barazani.

Msomaji wa Kishapu, Maswa au Meatu naomba aache kucheka kwanza, nieleze nilivyofika hapo.

Mimi ni Msukuma wa kota za reli. Baba yangu alikuwa mtu wa stesheni hapa Shinyanga, na shamba nililijua jinsi abiria anavyolijua: linapita dirishani. Pamba niliiona ikiwa imefungwa marobota, mtama nikaujua ukiwa ugali. Baadaye nikapata kazi ya karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa akihudumia mgodi huko Geita, na huko ndiko nilikoharibikia. Kila asubuhi gari letu lilipita kwenye nyumba za wakubwa, na mbele ya kila nyumba palikuwa na ukoka uliokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Hakuna kuku. Hakuna kamba ya kuanikia. Ni majani tu, yanamwagiliwa maji, hayaliwi na mtu wala mbuzi. Niliyatazama miaka miwili. Mkataba ulipoisha nilirudi Shinyanga na vitu vitatu: kiinua mgongo kidogo, koti la kung'aa usiku, na ugonjwa wa ukoka.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana desturi ya kukusahihisha kwa swali. "Baba Kulwa, hapo mbele si pangetosha mahindi magunia mawili?" Nikamjibu kwamba binadamu haishi kwa mahindi peke yake. Nilinunua vipando vya ukoka viroba vinne, nikavipanda kwa kamba na kigingi kwenye mchanga wetu huu mwepesi ambao wakulima wa Kisukuma wanauita luseni, nikaumwagilia maji ya bomba. Maji ya Shinyanga, kwa wasiojua, yanatoka Ziwa Victoria, yanavutwa kutoka Ihelele na kusafiri kwa bomba hadi kwetu. Ukiyafikiria yote hayo halafu ukatazama yanavyozama kwenye luseni, unaweza kulia. Mke wangu alikuwa anazibandika bili za maji ukutani jikoni kwa mpangilio wa tarehe, bila kusema neno.

Lakini ukoka ulishika. Julai ile mama mkwe alikuja kutibiwa macho, akaja na magunia mawili ya mtama kutoka shambani kwake Kishapu. Aliupigia pale ukingoni mwa ukoka na kuupepeta hapohapo, kwa sababu, alisema, tangu azaliwe hajaona mahali pa kupepetea palipo pasafi hivyo. Niliumia moyo lakini sikusema. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Maneno yake kwangu hupitia kwa mjukuu, na yangu kwake hurudi kwa njia ile ile, hata kama tumekaa ukumbi mmoja. Siku hiyo mjukuu alikuwa amekwenda mpirani.

Novemba mvua zikaanza, na jirani mmoja, ambaye simtaji, akaja kuazima fyekeo langu. Nilikuwa nakata ukoka kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza fyekeo halikurudi. Ya pili halikurudi. Ya tatu, kwenye majani yaliyokuwa yamefika magotini, Kulwa na Doto wakaniita nione mpira mwekundu.

Kweli ulikuwa mpira. Bua moja nene limetoka ardhini bila jani hata moja, na juu yake duara la nyuzi nyekundu mia na zaidi, kila uzi na ncha ya manjano, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Hakuna aliyeupanda. Mpira mwingine ulikuwa mita mbili mbele. Nilichuchumaa pale nusu saa. Nikajiambia: kumbe miaka yote hii tunaufyeka huu!

Hapo ndipo nilipogeuka. Nikaacha kulitafuta fyekeo. Nikamweleza mke wangu kwamba mkoa huu ulifundishwa jambo moja kubwa na mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati watu walikuwa wanatuita jangwa: kwamba si lazima kila mara upande miti, mara nyingine unaliacha eneo lipumzike na vya asili vinarudi vyenyewe, kama wazee walivyofanya kwa ngitili. "Hii," nikamwonyesha ukoka uliokuwa umeshapoteza umbo, "ni ngitili ya maua."

Mama mkwe alikuwa akisikiliza kutoka kwenye mkeka. Akamwita Doto. Doto akaja kwangu. "Bibi anasema ngitili ni ya kulishia ng'ombe kiangazi. Anauliza ng'ombe wako wapi."

Nilianza kazi ya kutambua na kuhamisha. Ule mpira mwekundu ulihamishika bila matata: chini una kitunguu, unachimba mbali kidogo, unakitoa kizima, unakiweka kwenye kopo la rangi lenye matundu. Ua lilinyauka baada ya siku chache, majani mapana yakafuata, mmea ukaishi. Nikajiona fundi. Halafu kwenye uzio ukatokea mkalamu, ule mtambaazi wenye maua ya moto, petali zimepinda nyuma kama mtu anayekimbia upepo, nyekundu pembeni na manjano ndani; Wazimbabwe wamelifanya ua la taifa lao. Ncha za majani yake zinajikunja na kushika chochote kilicho karibu. Mzizi wake ni kama herufi V, laini, na ukivunja ncha yake umeua mmea. Nilivunja ncha tatu. Vipande vilivyobaki, vyeupe na vinene kama vidole, nikaviacha kwenye ungo karibu na jiko, na Shija wetu wa miaka minne akavichukua kuvichoma akidhani ni viazi vitamu.

Sikuwahi kumwona mama mkwe akikimbia kabla ya siku ile. Alimpokonya, akamsugua mikono kwa majivu na maji, halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu, akanisemesha moja kwa moja, ingawa uso ameugeuzia ukuta: "Hicho kinaua, baba." Ni kweli. Mkalamu una sumu mmea mzima, na mizizi ndiyo mibaya zaidi. Ni sumu ile ile ambayo hospitali hutumia kwa vipimo vidogo sana kutibu gauti. Mke wangu akatangaza kwamba maua yote yatakayohamishwa yatapita kwanza kwake. Lile nililolihamishia getini, ua zuri la manjano linalotambaa chini, lilipita kwake akiwa anasahihisha madaftari, hakulitazama vizuri. Lilikuwa mbigili. Januari ilipokwisha, vijana wa baiskeli za daladala walikuwa hawakubali tena kumshusha abiria mbele ya geti letu. Tairi tano zilipasuka, mbili nilizilipa.

Februari ndipo yalipoanza ya zambarau. Hayakuota kila mahali. Yaliota upande mmoja tu, ukingoni, pale ambapo majani yalikuwa marefu kuliko kwingine na mapana kama ya mahindi. Mashina yake yana pembe nne, yanakwaruza ukiyashika, na maua yamejipanga kuelekea juu, zambarau inayokaribia waridi. Asubuhi, umande ukiwa bado, ule ukingo ulikuwa kama mtu kaanika kitenge kipya. Kulwa akalipiga ua moja picha kwa simu ya mama yake, ile programu ya kutambua mimea ikazunguka sana kwa sababu ya mtandao, kisha ikasema hilo ni ua la bustani za Ulaya na ikatuonyesha bei ya pakiti ya mbegu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi.

Nikahamisha matano. Saa sita mchana yote yalikuwa yamelala. Nikasema ni jua. Kesho yake nikahamisha saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi, yakalala. Nikayawekea samadi, yakalala upesi zaidi. Nikayafunika kwa kanga ya mke wangu, nikayapa maji ya Ziwa Victoria kwa kikombe kila baada ya saa mbili. Mke wangu aliponikuta nayanong'oneza hakusahihisha kitu, alitafuta tu kanga nyingine. Jambo lililonichanganya ni kwamba mizizi ilikuwa midogo mno. Mmea wenye afya kama ule, ukiuchimbua unatoka na vinyuzi hafifu, kama umewekwa pale kwa muda tu. Lakini kila asubuhi mengine mapya yalikuwa yamechomoza kwenye ukingo, nami niliinama tena na kijiko changu. Mama mkwe alinitazama kutoka kwenye mkeka wake kwa macho yaliyokuwa yanaendelea kupona, akaona mkwe anayepambana na adui. Ndipo zile sifa za bombani zilipoanza.

Katikati ya hayo akaingia shemeji.

Shemeji yangu ni mchimbaji mdogo Nyarugusu, Geita. Duara lao la kuchimbia lilikuwa limejaa maji ya mvua, akapanda basi kupitia Kahama aje apumzike kwetu mpaka likauke. Ni mtu mwema, mcheshi, anaamini kwamba chini ya kila kitu kuna kitu. Kosa lilikuwa langu. Usiku wa kwanza, tukiwa tunakula, nikataka kuonyesha kuwa nimesoma, nikamsimulia ua la shaba la Katanga. Huko Kongo, kwenye vilima vya shaba, kuna mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaoota kwa wingi kwenye udongo wenye shaba nyingi ambao mimea mingine inaukimbia, na watafiti wamelifuata ua hilo wakafika hadi mahali ambapo watu wa kale walikuwa wakiyeyusha madini.

Shemeji akaacha tonge hewani. "Ya zambarau?"

"Ya zambarau. Lakini shemeji, hiyo ni shaba, na ni Kongo."

"Kama haya ya hapo nje."

Kesho yake alichota udongo wa ukingoni kwenye beseni la mke wangu la kufulia, akauosha kwa mzunguko ule wanaoutumia kwenye mialo, akaniita. Chini ya beseni kulikuwa na vitu vinavyometameta. Ulikuwa ulanga mtupu. Hata mimi karani wa stoo nilijua. Yeye alisema dhahabu ina ndugu wengi na ulanga ni mmoja wao.

Usiku nilisikia sauti ya sururu nikadhani naota Geita. Kulipopambazuka kulikuwa na shimo kwenye ukoka wangu lenye kina cha kifua cha mtu, kuta zimenyooka vizuri, na kwa kuwa mchanga wa luseni hausimami, alikuwa ameuzuia kwa matimba. Matimba yenyewe zilikuwa mbao za kitanda cha wageni, alichokuwa analalia mwenyewe. Mke wangu alisimama ukingoni na kikombe cha chai, akamtazama kaka yake huko chini. "Utalala wapi leo?" aliuliza.

Balozi alikuja saa mbili, kwa kuwa majirani walishaanza kupiga hesabu ya mpaka wa viwanja vyao. Akatukumbusha kwa upole kwamba madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, kuna leseni, na uchimbaji wa usiku mjini kabla ya kuitwa uchimbaji unaitwa jina jingine. Shemeji aliondoka Ijumaa. Shimo lilibaki. Almasi ya waridi ya Mwadui, si mbali na hapa, ile aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, iliishia kwa Cartier mwaka 1953 ikiwa kitovu cha ua la kubandika kifuani. Ndilo ua pekee la Shinyanga ninalojua lililofika mbali. Nilimwambia mke wangu hivyo kumpoza. Akasema basi nikachimbe huko.

Nilirudi kwenye zambarau zangu nikiwa na ukaidi mpya. Nikaanza kuchunguza kwa makini badala ya kunyunyiza maji, na hatimaye nikagundua jambo. Yale majani mapana kama ya mahindi, yaliyokuwa pamoja na maua, hayakuwa majani pori. Ulikuwa mtama. Punje za Julai zilikuwa zimejiotea. Na kila ua la zambarau lilikuwa hatua moja au mbili kutoka kwenye shina la mtama, kamwe si mbali zaidi. Nikapiga paji la uso. Bila shaka! Ua hili linapenda kivuli cha mtama. Ni rafiki yake. Nikilihamisha lazima nilipeleke kwa rafiki mwingine wa namna hiyo. Na nyuma ya jiko, mistari sita, mahindi ya mama mkwe yalikuwa yanaanza kubeba, marefu, meusi kwa afya, yamepaliliwa mpaka ardhi inang'aa.

Nilichagua mashina kumi na mawili yenye maua mengi zaidi, baadhi yakiwa yameshaanza kukauka chini na kutoa vumbi jeusi. Nilikuwa nimeshapanda saba nikasikia kelele.

"Mayu! Mayu wee! Njooni! Anapanda! ANAPANDA!"

Hakugeuzia uso ukutani safari hii. Alikuwa ananitazama machoni, nami nikamtazama, na sijui nani kati yetu aliogopa zaidi. Akanipita, akaling'oa la kwanza, la pili, akiyafunga kwenye kanga yake kwa uangalifu kama mtu anayeokota makaa. Majirani walikuwa wameshafika uzioni, wale wale wa kunikunjia goti. Wakatazama mkononi mwangu. Kisha mmoja akaanza kucheka, na kicheko kile nakisikia hadi leo nikipita bombani.

Mke wangu alimwita bwana shamba mstaafu anayekaa mtaa wa pili. Kikao kilikuwa chini ya mwembe. Mzee alilishika ua, akaligeuza, akanitazama muda mrefu kwa huruma.

"Umekuwa unalihamisha?"

"Ndiyo. Linakufa."

"Litaachaje kufa? Umelitoa kwenye ziwa la mama yake."

Akaeleza, na hapa ninayaandika maneno yake kama nilivyoyashika. Kiduha hakijilishi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na shina moja linatoa 50,000 na zaidi. Mbegu hiyo inalala ardhini miaka 10, hata 15, haioti kwa mvua tu. Inasubiri harufu. Mzizi wa mtama, wa mahindi, wa ulezi au wa mpunga wa nchi kavu ukipita karibu unatoa kemikali fulani, na hapo mbegu inaamka, inatuma kijimzizi, inajichomeka kwenye mzizi wa mwenyeji na kuanza kunyonya maji na chakula. Majuma kadhaa iko chini, huioni, lakini mahindi yanaanza kudumaa na kunyauka huku ardhi ina maji, ndiyo maana watu husema shamba limerogwa. Ua ukiliona juu, kiduha kimeshakula. "Wewe ulikuwa unakata mrija halafu unakipa maji kwa kikombe."

Nikauliza kama Wamarekani wanacho. Sijui kwa nini niliuliza hivyo, nadhani nilitaka aibu yangu iwe na wenzake. Mzee alifurahi. Alisema ndugu yake kiduha, yule mdogo mwenye ua jekundu, alionekana kwenye mahindi ya majimbo ya Carolina mwaka 1956, na serikali yao ikaweka karantini, ikapiga vita miongo kadhaa, wakifikia kuingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu zidanganyike ziote pasipo na mwenyeji, zife. Sisi gesi hatuna, alisema, lakini tuna pamba. Ile kemikali ya kuamshia mbegu mara ya kwanza kabisa wanakemia waliitoa, mwaka 1966, kwenye mizizi ya pamba. Na pamba kiduha hakiwezi kuinyonya. Kinaamka, kinatafuta, kinakufa na njaa. Kunde na karanga nazo zinaweza kukidanganya hivyo hivyo. Mtama wenyewe una mbegu zinazokihimili, Hakika na Wahi, zilizotolewa hapa nchini. Na huko Mbita, Kenya, kituo cha ICIPE kimewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mahindi. Mizizi yake inakiamsha kiduha na kukizuia kisishike.

"Tena desmodiamu," aliongeza kwa wema, "ina maua ya zambarau."

Mke wangu akasema hapana, kabla sijafungua mdomo.

Halafu mzee akauliza swali ambalo nadhani anajuta kuliuliza. Alitazama ukingo wa ukoka, akautazama mtama uliojiotea, akakuna kidevu. "Hapa mjini kiduha kimefikaje? Hiki kawaida kinasafiri na nafaka. Mavumbi ya kwenye magunia. Huu mtama ulitoka shamba gani?"

Mwembe ule una chawajani wengi, na kwa muda huo uliweza kuwasikia wakitembea.

Doto alitazama kwa bibi yake. Kulwa alitazama kwa bibi yake. Mke wangu alitazama kwenye shimo la kaka yake. Mama mkwe alikuwa ameshaugeuzia uso ukuta, kwa utulivu mkubwa, kama desturi inavyotaka.

Nami nilikuwa na neno. Lilikuwa limefika kwenye meno, neno tamu ambalo mkwe hulipata mara moja katika maisha. Nikamtazama Shija, aliyekuwa anamchezea bibi yake vidole, vile vile vilivyompokonya mkalamu.

"Upepo," nikasema. "Huku upepo ni mwingi."

Bwana shamba akasema ndiyo, hata upepo.

Hukumu ilitolewa jioni, kupitia kwa Doto. Ukoka wote ulimwe. Bwana shamba alijaribu kuutetea, akasema ukoka haukuwa na hatia, mtama ndio ulioalika mgeni, ingetosha kusafisha ukingo na kuweka samadi kwa kuwa kiduha hupenda ardhi iliyochoka. Haikusaidia. Ulilimwa kwa siku mbili, nami nikiwa mbele. Viduha vyote, pamoja na vile vya kwenye makopo, vilitupwa kwenye shimo la shemeji vikachomwa moto humo, na hapo kwa mara ya kwanza shimo lile lilitumika. Shemeji alipopigiwa simu alisema alijua tu lingefaa.

Msimu uliofuata tulipanda karanga mbele ya nyumba na kunde ukingoni. Mama mkwe alirudi Kishapu macho yakiwa mazima. Huko mwaka huu kapanda pamba mahali alipokuwa akipanda mtama, na mtu akimwuliza sababu anasema ni bei. Tulivuna karanga madebe matatu. Kati ya mistari mke wangu alikuta kiduha kimoja, kwenye shina la mtama lililojificha, akaking'oa kabla hakijatoa ua na kuniletea kwenye sahani, kimefunikwa.

Ule mpira mwekundu bado uko barazani kwenye kopo lake la rangi. Novemba ulichanua tena, mkubwa kuliko wa kwanza, na akina mama wakipita wanasimama kuutazama.

Na wewe uliyeazima fyekeo langu, naomba ulirudishe. Kuna majani yanaota kati ya karanga, na safari hii sitaki kuyajua majina.